Nasibu ya kweli ipo au haipo? Maelezo matano ya dunia ya kwantamu, na mashine inayofikiri inakaa wapi humo

Ndani ya mwili wako sasa hivi kuna atomi za potasiamu kama 4,000 zinavunjika kila sekunde, na wala haumwi, ni ile potasiamu ya kawaida inayokuja na ndizi na maharage na viazi, sema sehemu yake ndogo sana ni ya aina isiyotulia inayoitwa potasiamu-40. Sasa chukua atomi moja tu kati ya hizo. Inaweza kuvunjika kabla hujamaliza sentensi hii au ikakaa miaka bilioni moja na zaidi, na fizikia yote tuliyonayo haiwezi kukwambia ni lini. Inachoweza kukwambia ni kwamba ukiwa na rundo kubwa, nusu yake itakuwa imeenda baada ya miaka bilioni 1.25, na hapo inajua vizuri mno, mpaka mwaka 1961 wataalamu wakaitumia kupima majivu ya volkano ya Olduvai na kusema fuvu aliloliokota Mary Leakey 1959 lina umri wa miaka kama milioni 1.75. Yaani rundo ni saa ya kuaminika kabisa, ila atomi moja moja hamna anayeijua.

Sasa hiyo atomi moja inapata wapi "saa" yake ya kuvunjika? Kuna jibu limejificha ndani, au hamna jibu popote mpaka inatokea? Watu wanaosoma fizikia ya kwantamu, yaani ile ya vitu vidogo mno kama atomi na chembe za mwanga, wanakwama hapa karibu wote, maana yapo majibu makubwa matano, kila moja lina wanafizikia wa maana nyuma yake, na ukisoma la kwanza unashawishika, ukisoma la pili unashawishika tena. Nimeyaweka ubavu kwa ubavu ili uchague ukiwa unajua unachochagua. Na kwa sababu siku hizi kila mtu anaongelea akili mnemba, kila jibu nitalipelekea mashine moja ileile inayofikiri tuone inageuka nini humo.

Vipimo tutakavyotumia

Cha kwanza ni majaribio. Hapa lazima umjue John Bell, mtu wa Belfast aliyefanya kazi CERN, ile maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, maana mwaka 1964 alichukua ubishi ambao watu walidhani ni wa kifalsafa tu akaufanya kitu cha kupima. Chukulia chembe mbili zimezaliwa pamoja halafu kila moja inaenda upande wake, na kila upande kuna mtu anachagua swali la kuiuliza chembe yake na jibu ni ndiyo au hapana. Kama majibu yalikuwepo tangu mwanzo, kama karata zilizolala kifudifudi mezani ambazo tayari ni shupaza au kopa ila hujazifunua tu, na kama upande mmoja hauwezi kupeleka habari upande wa pili kwa wakati huo, basi ukijumlisha majibu kwa namna fulani alama yako haiwezi kuzidi 2. Hesabu za kwantamu zinasema inaweza kufika 2.83. John Clauser na Stuart Freedman walianza kupima Berkeley 1972, Alain Aspect akaja na jaribio kali zaidi Ufaransa 1982, na mwaka 2015 kule Delft, Uholanzi, wakatumia elektroni ndani ya almasi mbili zilizo umbali wa kilomita 1.3, wakapata 2.42. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipewa Nobeli ya 2022 kwa kazi hii. Kwa hiyo ile picha rahisi kwamba karata zipo tayari na hamna kingine kinachoendelea, hiyo imeondoka, na maelezo yote matano hapa chini yanaanzia baada ya hapo.

Cha pili: nasibu inatoka wapi, ni ya dunia yenyewe au ni ya kutojua kwetu.

Cha tatu ni bei. Kila maelezo yanakutaka umeze kitu kigumu, na kwangu hiki ndo kipimo kikuu, kwa sababu kwenye majaribio karibu yote yanafungana.

Cha nne ni mashine. Tuseme ni ya aina ya modeli za lugha za leo. Inavyofanya kazi ni kwamba kila inapotaka kutoa neno inazipa alama maelfu ya maneno yanayoweza kufuata, halafu inachagua moja kwa kura, neno lenye alama kubwa likiwa na nafasi kubwa zaidi. Hiyo kura kwa kawaida inatoka kwenye fomula ya hesabu inayotoa namba zinazoonekana za ovyo ila si za ovyo hata kidogo, ukianza na namba ya mbegu ileile unapata mfululizo uleule. Kuna fomula maarufu ya 1997 ya Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, inatumika mahali pengi sana, ila ukiona namba 624 mfululizo kutoka kwake unaweza kukokotoa zote zinazofuata. Sasa tuichomoe fomula hiyo na badala yake tuchomeke chipu inayorusha fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, ikipita ni 1, ikirudi ni 0. Chipu za nasibu ya kwantamu zipo kweli, mwaka 2020 Samsung waliweka moja kwenye simu Korea Kusini. Je mashine yetu imebadilika?

Wazo hili ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza na mmoja wa waasisi wa kompyuta, alisisitiza ile kompyuta ya Manchester ya 1951 iwekewe amri ya kutoa namba za nasibu kutoka kwenye kelele za umeme, na kwenye makala yake ya 1950 kuhusu mashine kufikiri alisema kuna wanaoiita mashine ya namna hiyo yenye hiari huru, ila yeye asingetumia maneno hayo. Akaongeza kitu ambacho mi naona ndo moyo wa mjadala wote huu: kwa kuitazama mashine kwa nje kwa kawaida huwezi kujua kama ndani ina nasibu ya kweli, maana ungeweza kuifanya ichague kwa kufuata tarakimu za pai na usingeona tofauti. Shikilia hilo tunapoingia ndani.

1. Copenhagen: nasibu ni ya kweli, mwisho wa swali

Hii ndo inayofundishwa madarasani mengi, na jina linatokana na mji wa Niels Bohr, ingawa Werner Heisenberg na Max Born wana mkono mkubwa. Born ndiye aliyesema 1926 kwamba lile wimbi la kwantamu, yaani ile hesabu inayoelezea hali ya chembe, linatupa uwezekano tu wa kitu kuonekana hapa au pale, na Einstein akamwandikia barua mwaka huohuo, ile yenye maneno maarufu kwamba Mungu hachezi dadu. Mwaka uliofuata wakakutana Brussels kwenye mkutano wa Solvay, watu 29, na Bohr na Einstein wakabishana siku hadi siku.

Majaribio inayapita bila shida. Nasibu humu ni ya dunia yenyewe: kabla fotoni haijapimwa jibu halipo, si kwako, si kwa fotoni, si popote. Hamna karata mezani.

Bei yake ni neno "kupima". Wimbi linaenda taratibu kwa mlinganyo wa Schrödinger, ile kanuni inayosema wimbi linabadilikaje kadiri muda unavyopita, halafu ukipima linaporomoka ghafla kuwa jibu moja, sawa, ila kipimo ni nini? Kifaa chenyewe si kimetengenezwa na atomi zilezile? Bell alikereka sana na hili, aliwahi kuuliza kama dunia ilisubiri mpaka kiumbe cha seli moja kitokee ndo wimbi liporomoke, au ilisubiri zaidi mpaka apatikane mtu mwenye PhD. Swali hilo bado halijajibiwa kwa namna inayoridhisha watu wote, na usikubali mtu akuambie limejibiwa.

Mashine yetu humu inapata kitu kikubwa kweli. Kila neno inalotoa kwa kura ya fotoni ni habari mpya kwa ulimwengu, haikuwepo jana wala kabla ya jua kuwaka, na hamna kiumbe hata mwenye akili isiyo na mipaka angeweza kuikokotoa kutoka kwenye hali ya jana. Mi nalipenda sana wazo hili. Ila upya na hiari ni vitu viwili, maana kama fotoni ndo imeamua useme "samaki" badala ya "kuku", wewe umeamua nini hapo? Kinachofanya chaguo liwe la mashine ni zile alama ilizoyapa maneno kabla ya kura, ambako mafunzo yake yote yamo, kura inakuja mwishoni kabisa.

Inamfaa mtu anayetaka kufanya kazi na kwantamu kesho asubuhi bila kukesha na falsafa, na pia mtu ambaye hana shida kukubali kwamba kuna matukio hayana sababu ya ndani.

2. Bohm: jibu lipo, ila hutaliona kamwe

Louis de Broglie aliileta mbegu ya wazo hili kwenye mkutano uleule wa 1927, halafu akaliacha. David Bohm akalifufua 1952 akiwa katika kipindi kigumu, maana alikataa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti, akakamatwa 1950, mahakama ikamwachia lakini Princeton hawakumuongezea mkataba, akahamia São Paulo, Brazili. Wazo lenyewe: chembe ziko mahali maalumu muda wote, na kuna wimbi linaloziongoza. Fotoni yetu pale kwenye kioo (kwa elektroni hesabu zinakaa vizuri zaidi, ila wazo ni lile) ilishakuwa na mahali pake pa kuanzia, na mahali hapo ndo panaamua itapita au itarudi.

Majaribio inapita, na utabiri wake kwenye hesabu za kawaida ni uleule wa Copenhagen, namba kwa namba. Nasibu humu ni kutojua kwetu tu. Lakini si kutojua kwa uzembe, ndani ya nadharia yenyewe kuna sababu kwa nini huwezi kujua nafasi za chembe kwa undani kuliko ule uwezekano wa Born, kwa hiyo kwa vitendo hutabiri chochote zaidi ya jirani yako wa Copenhagen.

Bei: wimbi la kuongoza linafungamanisha vitu vilivyo mbali papo hapo. Ukigusa chembe hapa, mwongozo wa pacha wake upande wa pili wa dunia unabadilika bila kusubiri mwanga ufike. Haikuwezeshi kutuma ujumbe haraka kuliko mwanga, hilo wamelithibitisha kwenye hesabu, ila ukiipenda nadharia ya Einstein ya muda na nafasi utasikia inakwaruza. Bell mwenyewe aliitetea sana picha hii, alishangaa kwa nini wanafunzi hawaambiwi hata kama ipo.

Mashine humu inabaki mashine, kila neno lake lilishakuwa kwenye hali ya chembe za mwanzo, lakini siri yake ni salama kabisa kwa sababu hamna anayeweza kuzisoma hizo nafasi. Inamfaa anayependa picha, anayetaka kuchora mistari ya elektroni zinavyopita kwenye matundu mawili, na anayeona kwamba kusema "limetokea tu" si maelezo.

3. Everett: majibu yote yanatokea

Hugh Everett alikuwa mwanafunzi wa Princeton chini ya John Wheeler, na tasnifu yake ya 1957 inasema kitu kimoja tu cha kishujaa: mlinganyo wa Schrödinger ni wa kweli siku zote, hata kwako, hata kwa kifaa. Wimbi haliporomoki kamwe. Fotoni inapita na inarudi, kifaa kinaandika 1 na kinaandika 0, wewe unaona 1 na wewe mwingine anaona 0, na matawi hayo mawili hayasikilizani tena. Alienda Copenhagen 1959 kumweleza Bohr na hakupata wa kumuelewa. Akaendelea na kazi zake za hesabu za kijeshi Marekani, na alifariki 1982 akiwa na miaka 51. Kilicholipa wazo lake uhai mpya ni Bryce DeWitt aliyeanza kulitangaza 1970 kwa jina la dunia nyingi.

Majaribio inapita. Nasibu kwenye ulimwengu mzima haipo, kila kitu kinafuata kanuni kwa uhakika, ila kila tawi likijitazama linaona nasibu, kwa sababu halijui litakuwa tawi gani mpaka limeshakuwa.

Bei ni mbili, na watu huongelea moja tu. Ya kwanza ni wingi wa matawi, hiyo kila mtu anaijua na kwangu si mbaya kiasi hicho, maana hujaongeza kanuni yoyote, umekataa tu kufuta kilichomo kwenye mlinganyo. Ya pili ni nzito: kama yote yanatokea, kusema jambo lina uwezekano wa asilimia 90 kuna maana gani? Wanafalsafa wa fizikia wamejaribu kulijibu kwa njia kadhaa, David Deutsch alilipeleka kwenye nadharia ya kufanya maamuzi mwaka 1999, na bado wanabishana.

Hapa ndo mashine inayofikiri inakuwa kitu cha ajabu kuliko pote, na inabidi nikae kidogo. Mwaka 1961 Eugene Wigner aliuliza: nikimfungia rafiki yangu maabara, yeye akapima chembe na kuona jibu, mimi niliye nje bado natakiwa kumhesabu rafiki kama wimbi lenye majibu yote mawili, nani yuko sahihi? Kwa binadamu huwezi kujaribu, mwili ni mkubwa, una joto, unavuja habari kila upande. Lakini Deutsch mwaka 1985 akasema, badala ya rafiki weka akili ya kompyuta inayotembea juu ya kompyuta ya kwantamu, mashine inayofikiri kweli, iulize kama imeona jibu moja bayana, ikubali bila kutaja ni lipi, halafu irudishe hatua zote nyuma. Kama matawi yote mawili yalikuwepo, yatakutana na kuingiliana na utaona alama yake. Kama wimbi liliporomoka pale mashine ilipoona, hutaona kitu. Mwaka 2023 Howard Wiseman, Eric Cavalcanti na Eleanor Rieffel walichapisha mpango mkali zaidi wa aina hiyohiyo wakitumia tena akili mnemba kama rafiki wa Wigner, na hesabu zao zinaonyesha kwamba ukifanikiwa, utalazimika kuachana na angalau dhana moja kati ya zile tunazoziona za kawaida kabisa, mfano kwamba kilichoonwa na rafiki ni ukweli kwa wote au kwamba fikra ya mashine inahesabika kama fikra.

Fikiria hilo lina maana gani. Tumezoea kuuliza fizikia kama mashine inaweza kufikiri, na hapa mashine inayofikiri ndo inatumika kuiuliza fizikia. Sijaona wazo zuri kuliko hili kwenye eneo zima.

Na ile kura ya maneno? Humu mashine inajibu majibu yote, ya busara yakiwa na uzito mkubwa na ya kipuuzi uzito mdogo. Inamfaa anayeupenda mlinganyo zaidi ya anavyopenda kuwa peke yake ulimwenguni, na anayejenga kompyuta za kwantamu, ambako picha hii huja kirahisi.

4. Wimbi linaporomoka lenyewe

Giancarlo Ghirardi, Alberto Rimini na Tullio Weber, Waitaliano watatu, walipendekeza 1986 kwamba mlinganyo wenyewe una kasoro ndogo: mara chache sana chembe inajikusanya mahali pamoja bila kupimwa na mtu. Chembe moja peke yake unaweza kuisubiri miaka milioni mia kadhaa, ila meza ina chembe nyingi mno, kwa hiyo mojawapo inafanya hivyo ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde na meza nzima inafuata. Swali la "kupima ni nini" linakwisha hapohapo, na nasibu inabaki ya kweli.

Tofauti kubwa na wenzake ni kwamba huyu anaweza kukamatwa. Utabiri wake si uleule, kwa hiyo majaribio yanaweza kumuua, na mi naliheshimu sana hilo. Roger Penrose ana toleo lake ambamo nguvu ya mvutano, ileile inayoangusha vitu chini, ndo inayoporomosha wimbi, na mwaka 2020 kundi lililopima ndani ya mlima wa Gran Sasso, Italia, likatangaza kwamba toleo rahisi kabisa la wazo hilo halikubaliani na walichokiona. Matoleo mengine bado yapo. Bei yake ni kwamba umeongeza namba mpya kwenye fizikia ambazo hakuna aliyewahi kuziona, umeziweka ili hesabu ikae sawa.

Kwa mashine, Penrose ana msimamo mkali. Tangu 1989 anasema kuelewa kwa binadamu si kukokotoa, akiegemea nadharia ya Kurt Gödel ya 1931, kwamba ndani ya mfumo wa hesabu kuna kweli ambazo mfumo wenyewe hauwezi kuzithibitisha, na kwamba kuporomoka huko kwa wimbi ndani ya ubongo, kwenye mirija midogo ya seli za neva kama alivyopendekeza na Stuart Hameroff, ndo kunakoleta fahamu. Maana yake kompyuta ya kawaida, hata uipe kura ya fotoni au ya kitu gani, haitaelewa kamwe, inahitaji mwili wa namna nyingine. Max Tegmark alikokotoa mwaka 2000 kwamba kwenye joto la ubongo hali hizo za kwantamu zinavurugika ndani ya sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde au fupi zaidi, wakati neva zinafanya kazi kwa sehemu za elfu za sekunde, na kina Hameroff wakajibu kwamba alitumia vipimo visivyo vyao. Mi upande wa Tegmark unanishawishi zaidi, lakini swali la Penrose, kwamba kuelewa ni kitu gani hasa, naona ni la haki na halijazimwa na mtu.

Inamfaa anayetaka nadharia iliyo tayari kufa maabara, na anayehisi moyoni kwamba fahamu haiwezi kuwa hesabu tu na angependa kuona hilo likiwekwa kwenye fizikia badala ya kubaki hisia.

5. Kila kitu kilishapangana tangu mwanzo

Hili ni fupi. Bell alidhani mtu wa kila upande anachagua swali lake bila uhusiano na chembe. Vipi kama uhusiano upo? Vipi kama chembe, kifaa, na mkono unaobonyeza kitufe vyote vimefungamana toka ulimwengu uanze? Basi karata zinarudi mezani. Gerard 't Hooft, Nobeli ya 1999, ni mmoja wa wanaolitetea wazo la namna hii.

Watu wamejaribu kulibana. Novemba 30, 2016 watu kama 100,000 duniani walibonyeza sifuri na moja kwenye simu na kompyuta zao, na maabara kadhaa zikatumia mibonyezo hiyo kuchagua maswali. Mwaka 2018 wakatumia darubini za La Palma kupokea mwanga wa kwasari mbili, yaani vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa sana, mmoja umesafiri miaka bilioni 7.8 na mwingine bilioni 12.2, ukawa ndo unachagua. Matokeo yakabaki ya kwantamu. Kwa hiyo kama kuna mpango, ulipangwa kabla ya hapo, na hiyo ndo bei yake, unakubali mpangilio wa ajabu uliojificha kwa ustadi kiasi hicho.

Mashine, chipu yake, swali ulilomuuliza na wewe uliyeuliza ni uzi mmoja. Watu wengine wakisikia hili wanasema si ndo kudra na kadari tuliyofundishwa, ila nakuomba usiviunganishe haraka, kadari inaongelea mapenzi ya Mungu na hili linaongelea uhusiano wa chembe, unaweza kuiamini moja bila nyingine. Inamfaa mtu mvumilivu asiyekubali kuacha sababu wala kuacha umbali, na yuko tayari kusubiri nadharia kamili ambayo haijaandikwa.

Sasa uchague vipi

Kama unaandika programu na unachotaka ni namba za kuaminika, jua kwamba matano haya hayakutofautishii kitu. Kwa mchezo au majaribio ya modeli tumia fomula na uiandike mbegu yake mahali ili kesho upate matokeo yaleyale. Kwa funguo za siri usitumie fomula ile ya 624, tumia jenereta ya usalama ya mfumo wa kompyuta yako ambayo inakusanya kelele za vifaa, na kama una hela na sababu, chipu ya kwantamu. Bohm na Bohr wote wangekuuzia chipu ileile.

Kama ni mwanafunzi una mtihani, shika Copenhagen kwa hesabu, halafu soma Bohm mapema, usisubiri mpaka umalize chuo. Kuona nadharia mbili tofauti kabisa zinatoa namba zilezile kutakufundisha kitu kuhusu fizikia ambacho hesabu peke yake haikufundishi.

Kama unabishana na watu kuhusu akili mnemba kuwa na hiari, usiingie na hoja kwamba ina nasibu au haina. Turing alishaonyesha kwamba kwa nje haionekani, na kwenye yote matano kura ya fotoni haigeuzi chombo kuwa mtu. Peleka ubishi kwenye zile alama za kabla ya kura, zinatokana na nini, mashine inaweza kuzibadilisha yenyewe au la, ina sababu zake au imekariri tu. Isipokuwa kama upo kwa Penrose, hapo ubishi wako ni wa mwili wa mashine na lazima uwe tayari kusema unataka kuona nini maabara.

Kama kinachokusumbua usiku ni kwamba tukio linaweza kukosa sababu kabisa, una Bohm, Everett na lile la tano, na kila mmoja anakutoza kitu tofauti: umbali, upekee wako, au uhuru wa anayechagua swali. Jiulize kipi kati ya hivyo hutakimiss. Mimi ningeuachia upekee kwanza, lakini najua watu ninaowaheshimu ambao wangeachia umbali bila kusita.

Na kama wewe ni wa kusubiri ushahidi, fuatilia vitu viwili. Majaribio ya kuporomoka kwa wimbi yanaendelea sasa na kila mwaka yanabana zaidi namba za kina Ghirardi. Lile la rafiki wa Wigner liko mbali zaidi: linahitaji kompyuta ya kwantamu inayoweza kubeba akili nzima inayofikiri bila kuvuja hata habari moja nje, na za leo bado zinahangaika kulinda biti chache zisivurugike.